Kitambaa Chekundu Juu ya Simu

Mume wangu aliporudi Finland, Januari 2000, aliacha sebuleni kompyuta kuukuu, modemu mpya ikiwa bado ndani ya boksi lake, na karatasi ya daftari yenye maelekezo aliyoyaandika usiku wa mwisho. Yeye ni bwana misitu, na mwaka ule alikuwa akisoma Joensuu, mji wa mashariki mwa nchi ile. Barua zake zilichukua wiki mbili na zaidi kutufikia Magomeni, Dar es Salaam. Kumpigia simu kulikula fedha kabla salamu hazijaisha. Intaneti kafe ya karibu ilifungwa jioni, na mimi nikishatoka shule, nikapika, nikasahihisha madaftari ya hisabati ya kidato cha pili, jioni imekwishapita. Tulitaka barua pepe nyumbani, ili binti yetu wa miaka kumi asome maneno ya baba yake siku ileile yalipoandikwa.

Modemu hakuwahi kuijaribu. Muda wote wa likizo yake laini yetu ya simu ilikuwa imekufa, ikafufuka siku ya tatu baada ya yeye kupanda ndege. Kazi ikabaki kwangu na kwa watu wa nyumba ile: mama mkwe wangu, ambaye namwita mama, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akijifunza ufundi wa redio, na binti. Nawahesabu na majirani, maana simu yetu ilikuwa peke yake katika safu ile ya nyumba. Mtu akipiga kutoka Songea au Bukoba kumtaka jirani wa nyumba ya tatu, binti alitumwa mbio kwenda kumwita.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na Linux, Slackware toleo la 7.0. Mume wangu aliipenda kwa kuwa haikudai malipo ya leseni na ilikubali kukaa kwenye mashine dhaifu, na pia kwa kuwa ilizaliwa nchi alikokuwa akisoma. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanza kuiandika mwaka 1991, na mwanzo wake ulikuwa jambo lilelile tulilolihangaikia sisi: kijana alitaka programu ya kuingilia kompyuta ya chuo kwa modemu akiwa kwao nyumbani. Programu ile ikakua, ikawa kiini cha mfumo mzima. Siku moja alikosea jina la kifaa, amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski ngumu badala ya kwenda kwenye modemu, na mfumo wa Minix aliokuwa akiutumia ukaharibika. Kisa hicho nilikikumbuka kila nilipoandika /dev/ na kidole kikawa juu ya Enter.

Kibodi nayo ilikuwa ya Kifini. Mkwaju wa mlalo, ule unaotenganisha majina ya folda, umewekwa juu ya namba 7 na lazima ushikilie Shift. Binti alikata vipande vya karatasi, akaandika alama kwa kalamu nyekundu, akavibandika pembeni mwa skrini. Wiki ya kwanza ilikwisha kwa kujifunza kuandika mstari mmoja bila kosa.

Usiku nilioanza kazi yenyewe ulikuwa wa Februari, joto limetanda, milango yote wazi. Kompyuta ilikuwa na poti mbili za siriali nyuma yake. Ya kwanza Linux huiita /dev/ttyS0, na hiyo ilishikwa na kipanya. Ya pili ni /dev/ttyS1. Herufi tty zimebaki tangu enzi za teletaipu, mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta kwa waya. Wenye Unix, mfumo ambao Linux iliufuata, hawakuona haja ya kubadilisha jina hata teletaipu zilipokwisha. Waya wa kuunganisha modemu haukuwemo kwenye boksi. Shemeji alikwenda kuutafuta akarudi nao kwapani: upande mmoja kichwa cha matundu 9 cha kuingia kwenye kompyuta, upande wa pili kichwa cha pini 25 cha kuingia kwenye modemu. Vyote viwili viliingia vizuri, skrubu zikakaza. Alikuwa ameupata kwa rafiki yake, katika duka lililofungwa, ulikokuwa umefungwa kwenye mashine ya kuchapa risiti. Hilo la risiti alilisema akiwa anakwenda kunawa mikono, nami nikalisikia kwa sikio moja.

Nikafungua minicom, programu ya kuongea na modemu mkono kwa mkono. Nikaandika AT. Amri za modemu karibu zote huanza na herufi hizo mbili. Ni desturi iliyoanzishwa na kampuni ya Hayes kwa Smartmodem yake ya mwaka 1981, na maana yake ni kuitaka modemu isikilize. Modemu nzima hujibu OK.

Haikujibu. Hata herufi nilizoandika hazikuonekana, kwa sababu minicom haionyeshi unachoandika. Modemu ndiyo inayokurudishia. Nikaandika tena, nikazima nikawasha, nikabadilisha kasi kutoka 115200 hadi 9600. Skrini ilikaa kimya kama kaburi. Saa tano usiku mama alitoka chumbani kwake, akaniangalia, akasema, “Mwanangu, hicho chombo kinakusikia au unasema peke yako?”

Swali hilo ndilo nililolala nalo. Kulikuwa na vitu vitatu vilivyofuatana: poti, waya, modemu. Mimi nilikuwa navijaribu vyote kwa pamoja, na mtu akijaribu vyote kwa pamoja jibu la kimya halimwambii lolote. Wanafunzi wangu huwakataza kubadilisha namba mbili za mlinganyo kwa mkupuo mmoja.

Kesho yake nikaanza na poti. Amri ya setserial ilionyesha kwamba mfumo unaiona: ttyS1, anwani 0x02f8, irq 3, na chipu ya UART aina ya 16550A, ile yenye hifadhi ya baiti 16 inayoipa kompyuta nafasi ya kupumua data inapoingia kwa kasi. Lakini mfumo kuiona poti hakumaanishi kwamba poti inatoa sauti. Nikachomoa waya nyuma ya kompyuta. Kwenye kichwa cha pini 9, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma, nazo zimekaa bega kwa bega. Nikachomoa pini ya nywele kichwani, ile nyeusi ya kukunjwa, nikaipanua kidogo, nikaikaza ishike pini zote mbili bila kugusa ya 1 wala ya 4. Kinachotumwa kitarudi palepale kilipotoka. Ndani ya minicom nilizima kwanza udhibiti wa mtiririko wa vifaa, kwa sababu bila ishara ya CTS kutoka upande wa pili programu haitoi hata herufi moja.

“Andika jina lako,” nikamwambia binti nikiwa nimepiga magoti nyuma ya meza.

Akaandika. Jina likatokea kwenye skrini.

“Endelea.” Nikaitoa pini. Herufi zikakoma. Nikairudisha, zikaendelea. Tulirudia mara nne au tano, mimi chini ya meza na vumbi, yeye akitangaza zinakuja, zimekata, zinakuja. Poti ilikuwa nzima. Sijui kama nimewahi kufurahia pini ya nywele namna ile.

Nikarudisha waya, safari hii nikaweka pini kwenye kichwa cha mbali, kile cha pini 25, tena kati ya ya 2 na ya 3. Herufi zikarudi. Nikasema waya nao ni mzima, basi mgonjwa ni modemu, na modemu tulikuwa tumeinunua kwa fedha ya kodi ya nyumba ya miezi miwili. Usiku huo sikula.

Aliyenitoa hapo ni binti. Modemu ya nje ina safu ya taa ndogo nyekundu mbele yake, kila moja na herufi mbili chini, na yeye alikuwa amezinakili daftarini: HS, AA, CD, OH, RD, SD, TR, MR. Kijitabu cha modemu kilizieleza kwa Kiingereza; nikamtafsiria. MR ni modemu iko tayari. SD huwaka kompyuta inapotuma. TR huwaka kompyuta inaposema nipo. Siku ya pili yake, mimi nikiwa shule, alikaa mbele ya ile modemu, akaandika kwenye minicom kama alivyoniona nikifanya, akazitazama. Niliporudi alinipa daftari. Alikuwa ameweka alama ya tiki mbele ya MR na HS. Mbele ya SD na TR aliandika: haijawaka hata mara moja.

Kama SD haiwaki ninapoandika, basi herufi zangu hazifiki modemu, hata kama zinafika mwisho wa waya. Tukatengeneza kipimo: betri mbili za tochi, balbu yake, nyaya mbili, na sindano ya kushonea ya kuingia kwenye tundu jembamba. Mama alishika betri. Nikachomeka sindano kwenye tundu la 3 la kichwa cha 9, shemeji akagusa pini za kichwa cha 25 moja baada ya nyingine. Balbu ikawaka kwenye pini ya 3. Nikahamisha sindano kwenye tundu la 2. Ikawaka kwenye pini ya 2. Mbili kwa mbili, tatu kwa tatu. Shemeji akasema, “Uko sawa kabisa, shemeji, umenyooka.”

Nami ningeamini, lau nisingekuwa nimefungua kijitabu kwenye ukurasa wa mwisho wenye jedwali la pini. Kanuni ya RS-232 ni ya mwaka 1960, na kwenye kichwa chake cha pini 25 kompyuta hutuma kwa pini ya 2 na hupokea kwa ya 3. IBM walipoleta kichwa kidogo cha pini 9 kwenye kompyuta yao ya PC/AT mwaka 1984, namba hizo zikakaa kinyume: kutuma ni 3, kupokea ni 2. Kwa hiyo waya wa modemu ulionyooka lazima utoke 3 uingie 2, na utoke 2 uingie 3. Wetu, ulioonekana umenyooka kwa namba, ulikuwa umepishanishwa. Mashine ya risiti huhesabiwa kama kompyuta nyingine, hutuma na kupokea kwa mpangilio uleule wa kompyuta, kwa hiyo waya wake hupishanishwa kwa makusudi ili mdomo wa huyu ukutane na sikio la yule. Tulipouweka kwenye modemu, mdomo ulikutana na mdomo. Na jaribio langu la pini ya nywele haliwezi kugundua kosa hilo kamwe: ukiunganisha kwenda na kurudi mwishoni mwa waya, herufi zitarudi tu, waya uwe umenyooka au umepishana.

Hilo nalisema kwa mkazo kwa yeyote anayekaa usiku na nyaya za namna hii. Jaribio likifaulu, jiulize lilikuwa linapima nini.

Jumamosi shemeji alikwenda Kariakoo akarudi na waya unaouzwa kwa ajili ya modemu. Tukakusanyika wote. Nikafungua minicom, na papo hapo, kabla sijagusa herufi, TR ikawaka. Binti akapiga kelele. Nikaandika AT, SD ikameta, RD ikameta, na kwenye skrini, kwa herufi kubwa mbili, OK. Mama akauliza kimesema nini. Nikamwambia kimeitika.

Tuliyokutana nayo baada ya hapo nitayapita haraka kidogo, kwa sababu modemu inayojibu husema yenyewe inachoumwa. Nilipoiamuru ipige namba ya kampuni ya intaneti kwa ATDT, ilisubiri sekunde chache ikaandika NO DIALTONE. Mama akainua mkono wa simu chumbani kwake akasema mlio wa laini upo, anausikia. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Modemu imefundishwa mlio wa nchi ilikotengenezewa, na mlio wa mitambo yetu haukufanana nao. Dawa ni ATX3, inayoiambia isisubiri mlio, ipige tu. Inapopiga hivyo husubiri kwanza sekunde zilizoandikwa kwenye rejesta ya S6, kwa kawaida 2. Laini yetu jioni ilichelewa kutoa mlio, nikaweka 5. Ikapiga. Tukasikia ile milio yake, ya kukwaruza na kupanda na kushuka, modemu mbili zikipimana na kukubaliana kasi, kisha kimya, na CONNECT 26400. Boksi liliandikwa 33600, lakini kasi hiyo ni ya laini safi, na laini yetu, kama nitakavyoeleza, haikuwa safi.

PPP ilinikalisha siku tatu. Hiyo ndiyo itifaki inayobeba pakiti za intaneti juu ya laini ya simu, na programu yake kwenye Linux ni pppd, ikisaidiwa na programu ndogo iitwayo chat inayojibizana na seva mpaka mlango ufunguke. Kila mara simu iliunganika, kisha ikakatwa, na kwenye /var/log/messages pakaandikwa kwamba laini haipitishi biti nane safi, kila baiti iliyopokelewa ina biti ya 7 yenye sifuri. Nikadhani laini imechafuka. Nilikaa na karatasi nikaandika namba za herufi kwa mfumo wa jozi, kama ninavyowafundisha watoto, na ndipo nikaona: herufi za kawaida za maandishi, A mpaka z, zote zina sifuri kwenye biti hiyo. Pakiti za PPP huwa na baiti kama FF, zenye moja. Kumbe ng'ambo ya pili hapakuwa na uchafu. Palikuwa na maandishi. Seva ilikuwa bado inatuuliza jina, nasi tumeshaanza kuitupia pakiti.

Nikapiga kwa minicom, nikaangalia kwa macho. Karatasi ya mume wangu ilisema chat isubiri neno “ogin:”, bila herufi ya mwanzo, maana seva nyingine huandika Login kwa herufi kubwa na nyingine kwa ndogo. Seva yetu haikuandika Login kabisa. Iliandika Username. Nikabadilisha faili la chat lisubiri “sername:”, nikapiga upya, na safari hii kumbukumbu za mfumo zikaandika anwani ya IP ya kwetu na anwani ya ng'ambo. Barua ya kwanza ya mume wangu ilikuwa imesubiri kwenye seva tangu Januari. Ilikuwa na mistari minne. Alikuwa anauliza kama modemu inafanya kazi.

Ningeweza kuishia hapo kama laini ingekaa. Haikukaa. Mara dakika mbili, mara kumi, kisha kwenye kumbukumbu: Modem hangup. Machi ilikuwa imeingia na masika yake. Barua ndefu ikikatika katikati huanza upya, na mita ya simu haijui kwamba unarudia. Shemeji alishuku modemu, mimi nikashuku kampuni ya intaneti. Binti akanishuku mimi, kwa sababu safari moja nilisahau pppd bado imeshika poti, nikafungua minicom ikanijibu kwamba kifaa kimefungwa, nikahangaika nusu saa.

Faida moja ya Unix ni kwamba huandika kila tukio na saa yake. Nikatoa orodha ya mikatiko ya wiki mbili: kumi na mmoja. Nikaipeleka kwa mama, kwa sababu mama hakumbuki saa kwa namba lakini anakumbuka siku nzima kwa mambo yake, swala, dawa, redio, wageni. Tulikaa mkekani baada ya Isha.

“Huu wa Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini usiku?”

Akafikiri. “Taarifa ya habari imekwisha. Nilitaka kumpigia dada yangu Tanga, nikainua simu nikasikia makelele, nikaiweka.”

“Na Jumatano, saa mbili na robo?”

“Siku ile alipojifungua mjukuu wake.”

Saba kati ya ile kumi na mmoja ilikuwa hivyo. Simu ya chumbani kwake ilikuwa tawi la laini ileile ya sebuleni; ukiinua mkono, mazungumzo ya modemu hukatika. Mama alisikitika, akataka kuniomba radhi, nikamzuia. Ile ilikuwa simu yake miaka kumi na tano kabla ya modemu kuja. Dada yake hana mtu mwingine wa kuzungumza naye habari za nchi. Binti akaenda kabatini akaleta kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni lake la sikukuu. Tukakubaliana: modemu ikiwa kazini, kitambaa kinalala juu ya simu ya bibi, kikiondolewa, simu ni yake. Nami nitamaliza kabla ya taarifa ya habari au nianze baada ya Tanga.

Mikatiko minne ikabaki bila mwenyewe. Nilimsomea mama siku ilizotokea. Aliinua mkono wake kwenye siku ya pili. “Hizi zote zilikuwa za mvua,” alisema. “Simu ikinyeshewa inakaanga. Hata dada yangu huniambia, leo kwenu kunanyesha, nasikia unakaanga vitumbua.”

Kukaanga. Alikuwa amelisikia jambo hilo tangu masika mawili nyuma, na hakuna aliyemuuliza. Mvua iliyofuata nikafanya kama alivyonifundisha: unainua mkono wa simu, unabonyeza namba moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha unasikiliza ukimya wenyewe. Ukimya ulijaa mafuta ya moto. Modemu huweka data yake ndani ya sauti. Ukiikaangia vitumbua juu yake hushusha kasi, na kelele ikizidi hukata tamaa.

Waya wa tawi ulitoka sebuleni kwa tundu la dirisha, ukapita nje chini ya upenu, ukaingia chumbani kwa mama. Hatukuugusa kwanza. Tuliuchomoa tu kwenye soketi ya sebuleni, mama akakubali kukaa bila simu chumbani, tukangoja mvua. Ilikuja usiku wa Alhamisi, ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Nikabonyeza namba moja, nikampa mama mkono wa simu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. “Hapana kitu,” alisema. Modemu ikaunganika kwa 31200, kasi ambayo hatukuwahi kuiona, ikakaa dakika arobaini bila kutetereka.

Jumamosi jua lilipotoka shemeji alipanda ngazi. Katikati ya upenu palikuwa na kiungo: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole, zikafungwa nailoni ya mfuko wa sukari, nailoni imepasuka. Aliivua, akaniteremshia kile kipande kiganjani. Shaba ilikuwa imeliwa, imejaa kutu ya kijani yenye unga, na uzi mmoja tu kati ya nyaya zile ndio uliobaki ukishika. Mvua ilikuwa inaunganisha waya huu na ule kwa maji. Alikata mpaka kwenye shaba inayong'aa, akalehemu kwa risasi, akafunika kwa utepe, akaweka ndani ya kijisanduku cha plastiki, tundu likitazama chini. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko nilivyowahi kuiona. Kisha akaurudisha waya kwenye soketi, na chumba cha mama kikapata simu yake.

Mwishoni mwa Machi Wafini walisogeza saa zao mbele kama wafanyavyo kila mwaka, saa za Joensuu zikawa sawa na za Dar es Salaam. Mume wangu akaandika kwamba sasa tunakula chakula cha usiku pamoja, ila kwake jua bado lipo na theluji iko pembezoni mwa barabara. Tulizoea kuandika barua laini ikiwa imekatwa, bila haraka. Zikalala foleni kwenye sendmail, na tukipiga simu zinatoka zote kwa amri moja, huku fetchmail ikileta za kwake. Muda wa laini ukapungua kutoka nusu saa hadi dakika mbili au tatu.

Usiku mmoja wa Aprili mama alisema naye anataka kuandika. Tangu mwanawe aende masomoni, salamu zake zilikuwa zikiwekwa mwishoni mwa barua za wengine: mama anakusalimu, mama hajambo. Alivuta kigoda mbele ya kibodi, akaniamuru nisiongeze neno. Alisema habari za goti lake, za mwembe uliozaa nje ya msimu, za dada yake, za kiungo cha waya kilichokuwa kijani. Alimwambia kwamba kompyuta yake haikuwa na kosa lolote. Alimuuliza kama huko misituni kuna mti unaofaa kwa vyano. Nikaandika vyote kama alivyovitoa. Binti akachukua kitambaa chekundu, akaenda kukilaza juu ya simu ya bibi yake ingawa bibi mwenyewe alikuwa sebuleni nasi, akarudi akachuchumaa mbele ya modemu.

“TR imewaka,” alitangaza. “OH imewaka.” Ile milio ikapanda na kushuka. Mama alishika tasbihi yake, haihesabu. “CD imewaka. SD, bibi, angalia SD, ni maneno yako yale!”

Taa ya SD ilimeta, ikatulia, ikameta. Dakika moja na nusu hivi. Nikakata laini, na mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibodi simu ilipolia. Binti aliinua, akasikiliza, akasema shikamoo, akasema subiri kidogo, kisha akatoka mbio gizani bila viatu kumwita jirani wa nyumba ya tatu.